Karani aliyelifukuza kosa lake kwa bodaboda

"Kwa mtu au kwa mahali?"

Swali linatokea kwenye dirisha dogo la vifurushi, stendi ya Korogwe, jua likiwa bado halijavuka mapaa ya vibanda vya chai. Mzee aliyesimama nje na majembe mawili yaliyofungwa kamba anabaki kinywa wazi. Amesema vizuri kabisa kwamba mzigo wake unakwenda Kwashemshi.

"Kwashemshi," anarudia, safari hii kwa kupaza sauti, maana huenda binti hasikii.

"Nimekusikia, babu. Ni Kwashemshi kijijini, kule mlimani, au ni kwa mzee Shemshi, mtu?"

"Kwani kuna mtu?"

"Yupo, babu. Yupo Handeni, na ananifahamu vizuri mno."

Mzee anacheka mpaka majembe yanagongana. "Mlimani, mjukuu wangu. Ni majembe ya mwanangu."

Faudhia Sadala anaweka kidole chini ya neno aliloandika, analisoma kwa sauti, kisha ndipo anapokea mzigo. Watu walio nyuma ya mzee wanaguna. Anawasikia, anawapa tabasamu, na haongezi mwendo hata kidogo.

Faudhia ana miaka 23. Ni karani wa vifurushi wa Mteremko, kampuni ndogo ya mabasi ambayo gari zake zinakwenda Handeni upande mmoja, na upande wa pili zinapanda Kwashemshi hadi Bungu. Leo ni siku ya mwisho ya miezi yake mitatu ya majaribio. Kabla jua halijazama, msimamizi wake atamwambia kama anabaki dirishani au anarudi kwao Handeni kumsaidia mama yake kuchoma vitumbua.

"Usingizi sikuupata," anasema huku akifunga kamba ya mzigo mwingine kwa meno. "Lakini usidhani ni woga peke yake. Nina hamu! Nataka aseme tu, nijue moja."

Hamu hiyo ina sababu. Mshahara wake ni shilingi laki moja na elfu themanini kwa mwezi, na karibu nusu yake inapanda basi kila mwisho wa mwezi kwenda kwa mama yake, Bi Mwaija. Handeni maji ni kitu cha kununua kwa dumu, na mama amekuwa akiyabeba tangu Faudhia akiwa mgongoni. Kwa mishahara miwili ya kwanza binti alimnunulia mapipa mawili makubwa ya kuvunia mvua. "Mama aliyapiga makofi yale mapipa kama anapiga ng'ombe wa mahari," anasema. Kazi hii ndiyo kazi ya kwanza ya ajira katika ukoo wao wa wakulima.

Alipoanza, hakuna aliyemwita karani makini. Walimwita Mashine. Alipokea, akaandika, akarusha mzigo nyuma, akaita "anayefuata!" kabla aliyetangulia hajapokea chenji. Mkono mmoja uliandika, mwingine ulijibu ujumbe kwenye simu. Foleni iliyeyuka, abiria wakamsifu, naye sifa zikampanda kichwani kama togwa iliyochacha.

"Nilidhani kazi ni mbio," anasema. "Shuleni anayekuwa wa kwanza kumaliza mtihani ndiye tunayemwangalia. Hakuna anayeuliza amepata ngapi."

Kisha likaja la mzee Shemshi.

Msomaji asiyelijua eneo hili aelezwe kidogo. Huku Korogwe na Handeni, nchi ya Wazigua na Washambaa, vijiji vingi vimebeba majina ya watu. Kwamkono, Kwamatuku, Kwashemshi. Fulani alijenga hapo zamani, watu wakawa wanakwenda "kwa fulani", na siku zikapita mpaka fulani mwenyewe akasahaulika, kikabaki kijiji. Kwa hiyo mtu akiandika "Kwa Shemshi" juu ya boksi, mtoto yeyote wa Korogwe atakuonyesha mlima.

Ijumaa moja lilifika boksi kutoka Tanga, limeandikwa KWA SHEMSHI kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa Handeni. Mashine hakufika huko chini. Aliona maneno mawili, akatupa boksi kwenye gari la mlimani, akaita anayefuata.

Ndani ya boksi mlikuwa na shela la bibi harusi.

Jumamosi asubuhi simu ililia. Alikuwa Ikram, binti wa mzee Shemshi, mfanyabiashara wa nafaka mjini Handeni. Anaolewa siku hiyo hiyo, hina imeshakauka mikononi, na shela halionekani. Faudhia akakodi bodaboda, akapanda mlimani katika matope, akalikuta boksi kwenye duka moja la Kwashemshi, limewekwa juu ya magunia ya chumvi. Mwenye duka alikuwa analilinda kwa heshima zote, akisubiri kijiji kijitokeze kuchukua mzigo wake.

Alilipeleka mwenyewe Handeni. Alipofika, ndoa ilikwisha kufungwa. Bwana harusi, Sabiri, alikwisha kukubali, pilau limepakuliwa, na bibi harusi yuko ndani na dera la kushindia. Ikram alilia, akalivaa shela, akacheka, kwa mpangilio huo huo. Baba yake ndiye aliyemwita Faudhia pembeni.

"Binti yangu," alimwambia, "mimi nina miaka sitini na nane. Nimeitwa mjomba, nimeitwa babu, nimeitwa hata bahili. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa mimi ni kijiji."

Uani kote watu waliangua kicheko. Faudhia alicheka nao huku machozi yakimtoka, maana alijua Jumatatu anarudi kazini, na kazini yuko Rhoda.

Rhoda ndiye msimamizi wa Mteremko hapo Korogwe. Stendi nzima inamwita Mama Gerald. Ni Mshambaa wa Bungu, mama wa kanisani, aliyewahi kuwa kondakta enzi ambazo mwanamke kuning'inia mlangoni mwa basi ilikuwa habari ya kusimulia mpaka Lushoto. Maneno yake ni ya kuhesabu.

"Sikumfukuza," Rhoda anasema, akikoroga chai mlangoni mwa ofisi. "Mwenye kosa la kasi anafundishika. Mvivu ndiye mgumu."

Alichomfundisha kinachekesha ukikisikia. Alimwambia asome kila anwani kwa mdomo, kidole kikiwa chini ya neno, hata kama foleni inafika barabarani. "Macho yanasoma yanachokitaka," anasema Rhoda. "Mdomo unasoma kilichoandikwa." Alimwambia simu yake binafsi ikae kwenye droo. Akamwambia ajue kilichomo ndani ya kila mzigo, maana anayejua kuwa amebeba shela habebi kama anayebeba boksi tu. Na kila neno lenye njia mbili aliulizie, hata kama anayeulizwa ni babu wa watu.

Wiki ya kwanza Faudhia alitamani ardhi ipasuke. Vijana wa bodaboda walimwigiza, kidole kwenye ukuta, "K-w-a, Kwa!" Castory, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya dirisha lake, alikuwa mwalimu mkuu wa dhihaka hizo. Lakini wiki zikapita bila mzigo kupotea, na utani ukageuka kuwa jina. Sasa wanamwita Dada Kwa.

"Watu wanapenda kusema haraka haraka haina baraka," anasema Faudhia. "Hapa stendi haraka ni lazima, gari haliningoji. Mimi najifunza kuwa na haraka ya mikono tu. Macho yasiwe na haraka."

Maneno matamu hayo. Stendi, hata hivyo, ina tabia ya kumpima mtu siku ile ile anapojisifu.

Leo alfajiri, mvua ikinyesha, basi la kutoka Dar es Salaam lilishusha boksi nne za vifaranga wa siku moja, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mbili ni za Elina, mfugaji wa Bungu, ambaye amepiga simu siku tatu mfululizo kuulizia "watoto wake". Anaanza kufuga kuku wa mayai kwa mara ya kwanza, banda limeshakaa tayari, jiko la mkaa la kuwapashia joto limeshawashwa. Mbili nyingine ni za Adamu, mfugaji wa kuku wa nyama wa Handeni. Mvua ilikuwa imeosha maandishi. Wino umekuwa michirizi ya bluu, haisomeki.

Faudhia alimuuliza kondakta zipi za nani. Kondakta, mguu mmoja ukiwa tayari ngazini, injini ikinguruma, alipiga kelele: "Za chini ni za juu, za juu ni za chini!"

Kwa mtu wa Korogwe, juu ni mlimani. "Fulani kaenda juu" maana yake kapanda Bungu. Na chini ni huku tambarare, kuelekea Handeni. Kondakta alisema jambo la maana kabisa, kwamba boksi zilizo chini ya fungu ndizo za mlimani. Lakini basi liliondoka na nusu ya sauti yake. Kichwani mwa Faudhia lilibaki neno moja tu, juu. Akachukua boksi mbili za juu, akaziandika Bungu kwa kalamu nene, akazisoma kwa mdomo na kidole kama alivyofundishwa. Zilisomeka vizuri sana. Yeye anayemuuliza kila babu wa watu, leo hakumuuliza kondakta mara ya pili.

Saa mbili asubuhi Koasta ya mlimani inaondoka, dereva Yordani akipiga honi ya mbwembwe. Faudhia anapunga mkono. Ametua mzigo. Anageuka kupanga boksi mbili zilizobaki, za kwenda Handeni, na hapo kifaranga mmoja anatoa kichwa kwenye tundu la hewa, anamtazama.

Kichwa ni chekundu, rangi ya udongo.

Faudhia anabaki ameinama. Kuku wa nyama huanguliwa wa njano. Hawa wekundu ni wa mayai. Elina amelisema hilo kwenye simu siku zote tatu, kwa furaha ya mtu anayesubiri wajukuu: "Watoto wangu wekundu, dada, uwaangalie." Anachungulia tundu la pili. Wekundu. Anafungua kona ya boksi la chini. Wekundu watupu, wanapiga kelele.

Anasimulia baadaye: "Nikasema, Faudhia, umerudia. Leo, katika siku zote, umerudia."

Na kifaranga wa siku moja hangoji masahihisho. Wa njano wakifika Bungu kwenye baridi, wapakiwe tena washuke, na wekundu wafike Handeni kwenye joto, wapakiwe tena warudi, wengi watakufa njiani. Banda la Elina litakaa na jiko linalowaka na hakuna wa kuota moto.

Kuna njia nyingine, naye hafichi kwamba ilimpitia akilini. Maandishi yalifutwa na mvua. Kondakta wa Dar es Salaam keshafika mbali. Angenyamaza tu, jioni simu zikaanza kulia, kila mtu angelaumu basi la usiku. Nafasi yake dirishani ingekuwa salama.

Rhoda yuko mlangoni, kikombe mkononi.

"Mama," anasema Faudhia, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "shikamoo. Nimekosea. Gari la Bungu nimelipakia vifaranga wa Handeni. Kosa ni langu. Naomba nilifuate gari."

Rhoda anatazama foleni. "Na dirisha?"

"Nifungieni kidogo, mama. Nisipokwenda sasa watakufa."

Rhoda anakunywa chai. Hasemi nenda, hasemi usiende. Faudhia hangoji tafsiri. Anabeba boksi mbili, anatoka mbio, khanga inamwanguka begani anaiacha hapo hapo.

"Castory! Washa!"

"Wapi, Dada Kwa?"

"Juu! Juu mlimani! Lile gari la Yordani!"

Castory, mtani mkuu, leo hana utani. Pikipiki inaruka kabla mama auzaye maembe kando hajamaliza kuuliza kuna nini. Faudhia amekumbatia boksi mbili kifuani, kidevu juu ya kifuniko, vifaranga wanalia kifuani mwake na yeye anawajibu, "Tulieni, tulieni, mnaenda kwenu." Wanapita mashimo yaliyojaa maji ya mvua, wanapita watoto wa shule wanaoshangilia bila kujua wanashangilia nini. Wanaiona Koasta mbele, inapunguza mwendo kuanza kupanda.

Castory anabonyeza honi bila kuachia. Faudhia, mikono imejaa, hana cha kupunga ila sauti. "Yordani! Simamaa! Yordani wee!"

Koasta inasimama. Yordani anatoa kichwa dirishani. "Faudhia, una wazimu?"

"Sina wazimu, kaka, nina boksi!"

Abiria wanacheka, wengine wananung'unika. Mwanaume mmoja anasema amechelewa shambani kwa ajili ya kuku wa mtu. Faudhia anaomba radhi huku akipanda juu ya siti, anashusha boksi za njano, anapandisha za wekundu. Safari hii anachungulia kila tundu. Kisha anampigia Elina kwa simu ya kazi palepale, mbele ya gari zima, kwa sauti ya spika.

"Mama, watoto wako ni rangi gani?"

"Wekundu, dada! Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu tena. Wanapanda sasa hivi."

Gari zima linapiga makofi, na mtu wa shamba anapiga kwa nguvu kuliko wote. Faudhia anarudi stendi na boksi za njano mapajani, matope mpaka magotini, anacheka peke yake kwa sauti na Castory anacheka naye.

Kicheko kinakatika anapoliona dirisha lake. Rhoda amekaa humo ndani mwenyewe, anapokea mizigo.

"Wangapi wamekufa?" anauliza bila kuinua macho.

"Hakuna hata mmoja, mama."

"Nani aliandika zile boksi?"

"Mimi."

"Nani aligundua?"

"Mimi, mama."

Rhoda anamaliza kuandika anwani aliyokuwa akiiandika. Anaisoma kwa mdomo, kidole chini ya neno. Kisha anasema, "Gari la Handeni linaondoka saa sita. Chukua begi lako, upande. Na hao vifaranga uwapeleke mwenyewe."

Basi. Anageukia mteja mwingine.

Faudhia anakusanya vitu vyake: kikombe, leso, chaja, kalamu nene. Hafanyi haraka. Castory anashika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani. Faudhia anamuaga mama wa maembe. Anajikaza. "Nilijiambia, angalau wako hai," anasema. "Nikajiambia nitakwenda kuchoma vitumbua vya duara kamili, hakuna kimoja kitakachozidi mwenzake."

Ameshaweka mguu ngazini anaposikia sauti ya Rhoda nyuma yake.

"Wewe! Funguo huchukui? Utafungua kwa meno?"

Faudhia anageuka. Rhoda ananyoosha mkono, na mkononi mna funguo mbili kwenye kamba nyekundu.

"Funguo za nini, mama?"

"Za kibanda cha Handeni. Tumekodi stendi pale, tunafungua dirisha la vifurushi. Nilikuwa natafuta mtu." Rhoda anatazama pembeni, upande wa milima, kama mtu ambaye jambo hili halimhusu sana. "Karani asiyekosea sijamwona tangu nianze kazi hii, na mimi mwenyewe simo. Wapo wanaoficha, wapo wanaofukuza gari. Nenda."

Faudhia anamkumbatia Rhoda, matope na vyote, mbele ya stendi nzima, na Rhoda anaacha akumbatiwe, jambo ambalo wapiga debe wanaapa hawajawahi kuliona. Castory anarusha kofia juu. Kelele zinazozuka hapo zinamfanya kondakta wa basi la jirani ashuke kuuliza nani kashinda uchaguzi.

Ndani ya gari, boksi za njano ziko miguuni pake. Anazungumza bila kituo. Atapaka dirisha rangi ya kijani. Atatundika ubao unaomtaka kila anayeleta mzigo alisome jina kwa mdomo wake mwenyewe kabla halijaandikwa. Anataka msichana mmoja wa pale Handeni aliyemaliza shule majuzi aje ajifunze, na ameshajua atamwanzishia wapi. "Nitamwambia siku ya kwanza kwamba atakosea. Nitamwambia pia kwamba siku hiyo asikae chini, akimbie."

Gari linapoacha mji, anatoa simu kumpigia mama yake.

"Mama, shikamoo. Narudi nyumbani. Niko kwenye gari."

Upande wa pili mafuta yanasikika yakichemka kwenye kikaango.

"Wamekufukuza, mwanangu?" anauliza Bi Mwaija, taratibu. "Basi njoo. Njoo tu, mama. Mimi nipo."

"Hapana, mama. Wamenipa funguo."

Kigelegele kinachotoka kwenye simu hiyo kinawafanya abiria wote wa mbele wageuke.